Safari ya Michoro Kumi na Miwili Kutoka Ruiri Hadi Embu

Nimeshasimulia habari hii mara tano, na kila mara mtu ananikatiza kabla sijafika Chuka na kuniuliza, "Kwani Mjomba Kiambi alikuwa anatafuta nini huko?" Basi nimeamua kuiandika yote mara moja, kwa ajili yenu mlioniuliza, na hasa kwa ajili ya wale wawili wa kwaya waliosikia toleo la Mama, ambalo lina chumvi nyingi.

Sitawachosha na fomu na vyeti. Mnachohitaji kujua ni kwamba chuo kimoja huko Embu kiliniita kwenye usaili wa kusomea usanifu majengo, Alhamisi saa tatu asubuhi, na kila mwombaji alitakiwa kwenda na jalada lenye michoro isiyopungua kumi, aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nayo kumi na miwili. Niliichora kwa miaka miwili, tangu nimalize shule, katikati ya kuandika mabango ya vinyozi na bucha hapa Ruiri. Mwaka jana nilipeleka michoro sita kwingine, wakanirudisha mlangoni. Safari hii nilikuwa nimejipanga. Nikikosa tena, nilijua ningeendelea kuandika "Nyama Choma Tayari" mpaka nizeeke.

RUIRI HADI GAKOROMONE

Mpango wangu ulikuwa kusafiri peke yangu siku ya Jumatano. Mama aliuharibu mpango huo kwa kumwambia kaka yake.

Mjomba Kiambi mnamjua wengi wenu kwa kofia yake. Kwa wasiomjua, ni mzee mrefu, mpole, aliyefunga miraa, yaani mirungi, kwa majani ya mgomba kwa zaidi ya miaka thelathini kabla mgongo haujamkataza. Alifika kwetu Jumanne asubuhi akiwa amenyoa ndevu.

"Makena, nasikia tunaenda Embu," akasema.

"Anko, ni mimi naenda. Ni usaili tu."

"Usaili ni nini?"

"Ni wewe unaulizwa maswali, halafu wakikupenda wanakupea nafasi."

"Kwa hivyo unaenda kuomba."

"Ndiyo, lakini..."

"Na unataka kuenda kuomba kama uko peke yako? Watasema huyu msichana hana watu."

Hapo Mama akaitikia kutoka jikoni, na nikajua nimeshindwa. Kwetu mtu hatumwi peke yake kuomba jambo kubwa. Iwe ni kuomba mchumba au kuomba kiwanja cha kanisa, watu huenda na mkubwa wao, huenda na kitu mkononi, na hawaondoki mpaka waambiwe neno. Mjomba alikuwa ameshaenda kuomba wachumba wa vijana wanne wa ukoo wetu na hajawahi kunyimwa hata mmoja. Kwa rekodi hiyo alijiona ndiye anayefaa, na kwa kuwa kitu cha mkononi hakikuwepo, ilibidi tuondoke siku hiyohiyo tukakitafute sokoni.

Nilikasirika, siwafichi. Niliona picha yangu nikiingia kwa maprofesa huku nyuma yangu kuna mzee na mzigo.

Tulipewa lifti na jirani aliyekuwa akipeleka vitunguu Meru kwa pikapu. Jalada langu nililitengeneza mwenyewe: mbao nyembamba mbili, upana wa meza ndogo, zimefungwa kwa kamba za viatu na kuvishwa karatasi ya nailoni. Tulipofika soko la Gakoromone nailoni ilikuwa imeraruliwa na waya wa gunia la vitunguu kutoka juu hadi chini, na mawingu yalikuwa yameshafika kabla yetu.

Mjomba alitafuta ndizi kwa saa nzima. Alizigonga, akazinusa, akabishana na akina mama watatu na kusali na mmoja. Mwisho akachagua mkungu mzima, ndizi nene zinazoanza kuiva. Mvua ikaanguka palepale. Nikalikumbatia jalada langu chini ya turubai la muuza kabichi, maji yakipita kwenye vidole vya miguu, nikawa karibu kulia.

"Lete hiyo kitu," Mjomba akasema.

Akaomba majani ya mgomba kwa mama aliyemuuzia ndizi. Akayapitisha kwenye paja lake kuyalainisha, akayapanga moja juu ya ubavu wa lingine, akalaza jalada katikati, akakunja, akageuza, akavuta kamba ya mgomba kwa meno. Dakika nne hivi. Watu waliokuwa wamejikinga mvua waliacha kuzungumza wakamtazama. Alipomaliza, kile kifurushi kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza mimi, na maji yalikuwa yakiteleza juu yake bila kupata pa kuingia. Nataka mkumbuke kwamba nilikuwepo, niliona kila kitu, na nilisema, "Anko, hapo umeweza."

Shida ya kwanza ilitokea kituoni. Kifurushi cha majani ya mgomba chenye ukubwa ule, kimebebwa na mtu mwenye mikono ya Mjomba Kiambi, kwa mtu wa Meru kina maana moja tu. Wanaume wawili walitufuata wakiuliza ni miraa ya wapi. Mmoja akakinusa kifurushi pembeni.

"Mzee, si utufungulie kidogo tu tuonje?"

"Hii haitafunwi," Mjomba akajibu kwa heshima zote. "Hii ni ya kuangalia."

Yule jamaa akaniambia mimi nimpeleke mzee akapumzike.

KUELEKEA GITHONGO, AMBAKO HATUKUWA TUNAENDA

Kutoka Meru kwenda Embu unapita Nkubu na kuendelea. Hakuna sababu yoyote ya kukunja kwenda Githongo, isipokuwa kama unasafiri na mtu ambaye dada yake mkubwa anaishi huko.

"Tukipita bila kumsalimia atasikia," Mjomba akasema.

"Atasikia kwa nani?"

"Atasikia."

Mama Mkubwa Karimi alikuwa ametoka kuchuma kahawa, vidole vyekundu, na alipotuona aliangusha kikapu. Kwake hakuna kusalimia kwa dakika kumi. Tulipewa ucuru, ule uji wetu mchachu, kibuyu kizima. Kabla haujashuka tumboni ikaja mukimo ya ndizi za kupondwa, na kabla hatujamaliza mukimo akaanza kumkimbiza kuku. Nikamwambia Mjomba kwa macho kwamba tuondoke. Mjomba akaniambia kwa macho kwamba nimtazame yule kuku. Tukalala hapo.

Usaili aliuelewa kwa njia yake. Alitaka kujua kama hao watu wa Embu ni watu wa kanisa, kama wana ng'ombe, na ni nani kati yao anayenitaka.

"Hakuna mtu ananitaka, Anti. Ni shule."

"Sasa Kiambi anaenda kuomba nini?"

"Nafasi."

Alifikiria jambo hilo huku akinyonya mfupa. Kisha akasema kwamba yeye vitu vya siku hizi vimemshinda, lakini kama ni kuomba, atatuombea, na akaomba kwa muda mrefu sana huku mkono mmoja ameuweka juu ya kifurushi. Nililala vizuri usiku ule. Kifurushi kililala kwenye chumba cha Mjomba kwa sababu alisema atakilinda.

GITHONGO HADI CHUKA

Jumatano asubuhi mwalimu mmoja, jirani wa Mama Mkubwa, alikuwa anakwenda Chuka kwa gari lake, akatubeba pamoja na mkungu. Nilikuwa na furaha. Jua lilikuwa limetoka, mashamba ya chai yanang'aa, na mwalimu alinisikiliza nikieleza tofauti ya paa la mgongo na paa la mteremko mmoja bila kupiga miayo. Nilijiona nimeshapita usaili, bado kupewa chumba tu.

Chuka tuliingia kwenye hoteli kunywa chai na mandazi. Meza ilikuwa pana, kavu, nikasema ngoja nifungue michoro ipate hewa kidogo.

Nilipokata kamba, kitu cha kwanza kilikuwa joto. Majani yalikuwa na joto kwa ndani, na yanatoka jasho. Nikafungua zile mbao. Karatasi zilikuwa zimelainika, zimeshikana. Mchoro wa kwanza, kanisa letu la mawe nililolichora kwa kalamu ya wino kwa wiki tatu, ulikuwa na mstari wa kahawia kutoka kwenye mnara hadi kwenye ngazi. Wa pili, ule wa josho la ng'ombe, rangi za maji zilikuwa zimehama. Nikaendelea kugeuza. Mnaolima ndizi mnajua utomvu wake: ukiingia kwenye shati, hilo shati ni la shambani. Michoro saba ilikuwa hivyo. Mitano iliyokuwa katikati ilipona, na hesabu hiyo niliirudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, kikombe mkononi.

"Lakini mvua haikuingia," akasema polepole.

"Mvua haikuingia! Haya maji yametoka wapi basi?"

Akaweka kikombe mezani. Kisha akasema, "Asubuhi niliinyunyizia kidogo."

"Ulifanya nini?"

"Maji. Kidogo tu. Niliamka, nikaona kifurushi, mkono ukaenda kwa ndoo. Makena, hata sikufikiria. Ni mkono tu."

Kila mtu anayefunga miraa hunyunyiza maji asubuhi ili isinyauke. Mjomba amefanya hivyo asubuhi zaidi ya elfu kumi. Leo naielewa hiyo habari na hata nacheka. Siku ile sikucheka. Nilimwambia mbele ya hoteli nzima kwamba ameniharibia maisha, kwamba hakuna mtu aliyemwita, na kwamba angebaki kwake Ruiri na ndizi zake. Mhudumu aliacha kufuta meza. Mjomba alivua kofia, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akaitazama mikono yake.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya duka la viatu, kisha nikanawa uso na kwenda kununua karatasi tano za manila, penseli mbili na kifutio. Saa zilizobaki mpaka usaili zilikuwa ishirini na mbili. Niliporudi nilimkuta Mjomba ameshaikausha ile michoro saba kwa leso yake na kuirudisha kati ya mbao. Majani alikuwa ameyakunja na kuyaweka kwapani. Tukapanda matatu ya Embu.

KABLA YA MTO THUCI

Hatukufika mbali. Tulipokaribia mto Thuci, mvua ya jana ilikuwa imeteremsha tope na miti miwili barabarani, na magari yalikuwa yamejipanga mpaka juu ya kona. Mtu wa trekta alikuwa ameitwa, wakasema yuko njiani. Saa sita mchana walisema yuko njiani, na saa tisa pia alikuwa njiani.

Mimi nilikaa kwenye jiwe nikaanza kuchora. Mchoro wa kwanza ulikuwa foleni yenyewe, kona nzima ikionekana kutoka juu, na watu wameshuka kwenye magari. Wa pili ulikuwa kibanda cha mama anayeuza mahindi ya kuchoma: nguzo nne, nailoni nyeusi, na mawe sita ya kuzuia paa lisiruke.

Karibu nami kulikuwa na lori lililopakia mbuzi, na mwenye mbuzi, mzee mfupi mwenye sauti kubwa aitwaye Ireri, wa kule Mbeere, kwenye joto, chini ya Embu. Alikuja kunisimamia begani.

"Hii ni kazi gani?"

"Nachora majengo, mzee."

"Hii ni jengo?" Alikuwa anaonyesha kibanda cha mahindi.

"Inasimama. Inakinga mtu mvua. Ni jengo."

Akafurahi sana kusikia hivyo. Akasema basi nyumbani kwake ana jengo zuri kuliko la chifu, ghala la mtama la mama yake, limesukwa kwa fito, limesimama kwa miguu, na mlango wake uko juu. Nikadhani ananitania. Mlango juu? Akasema ndiyo, unainua paa lote kama kofia, unaingiza mkono, unatoa mtama, unashusha. Nikamwambia hiyo haiwezekani, paa litamshinda mtu. Akakasirika, akachukua kijiti akanichorea kwenye tope, na mimi nikachora anavyosema, tukigombana kwa kila fito. Huo ukawa mchoro wa tatu, wa jengo ambalo sijawahi kuliona.

Wakati huo mkungu wa maprofesa ulikuwa unapungua. Watu walikuwa na njaa, kulikuwa na watoto, na Mjomba hawezi kukaa na chakula mbele ya mwenye njaa. Nilimwona anakata chana moja, halafu nyingine. Alikuwa anagawa bila kuzungumza, jambo ambalo si kawaida yake. Ireri alikula ndizi nne na kuniuliza, "Huyu mzee wako ni mgonjwa?"

"Hapana. Nimemgombeza."

"Wewe? Umemgombeza mzee?"

Akarudi kwa mbuzi wake. Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Nilimkumbuka Mjomba akilainisha yale majani kwenye paja lake sokoni, na mimi nikimsifu.

Nikamfuata alikokuwa ameketi.

"Anko, nataka unifungie kitu."

"Mimi sitaki kuona hayo majani tena."

"Chupa yangu ya maji. Fungia pole pole, nikikwambia simama, unasimama."

Alinitazama aone kama namdhihaki. Kisha akayatoa majani kwapani. Alifunga na kufungua ile chupa labda mara kumi na tano, na mimi nikachora kila hatua: jani la kwanza, jani linalolala juu ya ubavu wa jingine jinsi mabati yanavyolaliana, mkunjo, kamba. Nilitaka kumwambia pole, nikajikuta namwambia ageuze mkono kidogo kwenye mwanga. Mwishowe nikasema, "Anko, yale nilisema kule hotelini hayakuwa maneno ya kuambia mtu."

"Hata mimi hayo maji hayakuwa ya kumwagia karatasi," akasema, na akaendelea kukunja.

Trekta lilifika saa kumi na moja.

EMBU

Tulilala kwenye lojingi karibu na stendi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeketi chini ya ngazi zao za saruji, ngazi mbaya kuliko zote nilizowahi kupanda, kila hatua na kimo chake, nikizichora jinsi zilivyo. Huo ukawa wa tano. Mitano iliyopona na mitano mipya, kumi. Ile saba yenye madoa Mjomba alisema niitupe. Sikuweza.

Chuoni tuliwakuta waombaji wengine wanane kwenye benchi, na majalada meusi ya dukani yenye zipu. Mjomba aliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, kisha akaniuliza kwa sauti iliyosikika mpaka getini, "Hawa wote wamekuja kuomba wakiwa peke yao?"

Mkungu ulikuwa umebaki na chana mbili. Mlango ulipofunguliwa, akatangulia mbele yangu akazikabidhi kwa mama mwenye miwani aliyekuwa mkuu wa jopo.

"Mzee, hatuwezi kupokea," yule mama akasema kwa upole. "Itaonekana ni hongo."

"Hongo ni pesa. Hizi ni ndizi."

"Hata ndizi, mzee wangu."

Mjomba alishangaa kwa dhati. Katika maombi yake yote hakuwahi kukataliwa kitu cha mkononi. Akatoka nje, na nikasikia akizigawa kwenye benchi.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Walipitia michoro polepole, na nilijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye ghala mama mwenye miwani alisimama.

"Hii uliiona wapi?"

"Sijaiona. Nilielezwa na mzee wa mbuzi barabarani."

"Alikueleza vizuri. Ila miguu umeiweka karibu sana, ingeanguka mwaka wa kwanza. Mimi ni wa Mbeere." Akatabasamu kidogo, akageuza.

Kisha kijana mmoja wa jopo akavuta ile saba iliyokuwa chini kabisa. Alilishika kanisa langu lenye mstari wa kahawia, akalisogeza dirishani.

"Hii rangi imetulia sana. Ulitumia mbinu gani?"

Jamani, nilikuwa na sekunde mbili. Ningesema ni mbinu, nani angejua? Jina la mbinu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Halafu nikamkumbuka Mjomba na leso yake.

"Si mbinu, ni utomvu wa ndizi. Michoro ilifungwa kwa majani ya mgomba kukinga mvua, na mimi nilikuwepo, nikakubali. Imeharibika. Nimeileta kwa sababu ni yangu."

Wakatazamana. Mama mwenye miwani akauchukua mchoro wa kifurushi, akauliza jani hili linashikwa na nini, na hili. Nikaeleza mpaka mkunjo wa mwisho, na hapo nikakwama. Nilikuwa nimeuchora bila kuuelewa.

"Huo anaujua mjomba wangu," nikasema.

"Yule wa ndizi? Mwite."

Mjomba aliingia kofia mkononi, na majani yake, ambayo hakuwahi kuyatupa. Alifunga rula ya yule kijana mbele yao. Wote watatu walisimama kuona vizuri.

"Huku unafunga, huku unaacha pumzi," akaeleza. "Miraa inataka maji, ndiyo ikae. Sasa hii karatasi ya mtoto haitaki maji. Mimi nilifunga vile ninajua. Sikuuliza hii kitu inataka nini. Makosa ni yangu, msimwekee yeye."

Yule mama aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake. Nilikuwa natazama meza kwa sababu ningeinua macho ningelia mbele ya maprofesa.

Wakatushukuru, wakasema majibu yatatumwa kwa simu baada ya wiki mbili. Mimi nikasimama. Mjomba hakusimama.

"Sisi tukienda kuomba tunarudi na neno," akasema. "Hata kama ni hapana. Nyumbani wanangoja."

"Hatuwezi, mzee. Kuna wengine bado."

"Na mkikataa?"

"Mkikataliwa, basi."

"Hapana. Tukikataliwa tunarudi tena. Ndivyo inaenda."

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. "Basi mzee, neno tutaleta kwako mwenyewe. Andika namba yako hapa."

Mjomba akaiandika kwa tarakimu kubwa, kwa uangalifu, akaisoma mara mbili kwa sauti, kisha akakubali kusimama. Kurudi nyumbani kulichukua saa nne tu, na hatukusimama Githongo. Mama Mkubwa amesikia. Bado ameninunia.

RUIRI

Wiki mbili zilipita, zikaongezeka siku tatu. Kila asubuhi nilipita kwa Mjomba kumuuliza, na kila asubuhi alinionyesha simu yake haina kitu. Mlikuwa mnaniona nikiandika mabango na kuimba, lakini ndani nilikuwa sijitambui.

Jumatatu asubuhi nilikuwa uani nachanganya rangi nilipomwona akija. Alikuwa amevaa koti zito, viatu vimepakwa rangi, ndevu zimenyolewa, na mgongoni mwa bodaboda nyuma yake kuna mkungu mpya wa ndizi, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nilielewa kila kitu kabla hajafungua mdomo.

"Imekuja," akasema, akinipa simu huku anatazama pembeni. "Jana jioni. Ni Kiingereza. Nimeona wameandika maneno mingi sana. Mtu akikubali haandiki mingi." Akanishika bega. "Usilie, mwari. Nimeshaongea na yule mwalimu wa Githongo, anatupeleka mpaka Chuka. Tunarudi."

Niliisoma nimesimama. Ulikuwa ujumbe mrefu kweli, na ulianza kwa kunipongeza. Nafasi nimepewa. Yaliyobaki yalikuwa mambo ya tarehe ya kuripoti na vitu vya kubeba.

Nikamwambia. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, kisha nikamsomea mara ya tatu kwa Kimeru, neno kwa neno, naye akawa anaitikia kila sentensi kwa kichwa hadi mwisho. Alivua kofia. Alijifuta uso kwa leso, na Mama akatoka jikoni akitaka kujua nani amekufa.

Baadaye akaangalia koti lake, akaangalia ule mkungu, akaangalia bodaboda iliyokuwa bado inanguruma.

"Basi twende tukawaambie asante," akasema.

Nikamwambia anisubiri nivae viatu.